Shimo la Barabarani Lina Mwenyewe

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini, ukishalivuka daraja la Sabaki, lami inakupeleka Mambrui, kisha Gongoni na Marereni hadi Garsen. Ndiyo barabara ya mabasi ya Lamu, ndiyo ya malori ya chumvi, na ndiyo hiyo hiyo ya kijana wa bodaboda anayemkimbiza mgonjwa hospitali ya Malindi usiku. Masika yakipita, maji yakishaila lami kingoni na chini kwa chini, mashimo hufunguka. Gari kubwa hulikanyaga shimo likatikisika tu, likaendelea. Pikipiki gurudumu la mbele likizama, usukani humtoka mwendeshaji mikononi, naye hurushwa mbele na abiria juu yake.

Yakitokea hayo, maneno ya steji na ya wodini huwa yale yale: ajali haina kinga, tushukuru roho imebaki. Kushukuru ni wajibu. Lakini barabara ile ina mamlaka iliyokabidhiwa na sheria kazi ya kuitunza, na ina fungu lake la fedha. Katika kila lita ya petroli inayouzwa Kenya hukatwa shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Zilikuwa 18 mpaka zilipopandishwa Julai 2024. Basi mtu wa bodaboda anailipia barabara kila anapotia mafuta, na akivunjika mguu ndani ya shimo lililoachwa wazi, ana haki ya kudai. Dai lenyewe ni gumu, sitaki kumdanganya mtu. Ila wengi hawashindwi na ugumu wake. Hushindwa na kalenda kabla hawajafika mahakamani.

Utasikia watu wakisema aliyeumia barabarani ana miaka 3 ya kushtaki. Ni kweli ikiwa unamshtaki mwenye gari, kampuni au mkandarasi. Si kweli ikiwa unaishtaki mamlaka ya barabara. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Barabara za Kenya ya mwaka 2007 kinataka kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu kosa au uzembe unaoulalamikia. Juu ya hapo, kabla ya kufungua kesi lazima uwe umempelekea Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka notisi ya maandishi inayoeleza dai lako, kisha ungoje mwezi mzima. Ukiutoa mwezi huo kwa hesabu, umebakiwa na 11. Aliyevunjika paja hulala, kisha hutembelea magongo, kisha hurudi kufungwa upya mfupa uliounga vibaya, na fikira ya kutafuta wakili humjia mwaka umeshageuka. Kwa hivyo mwenye kuumia asitarajiwe kuifuatilia kesi mwenyewe. Ndugu, mke au mwenyekiti wa steji aanze siku ile ile.

Serikali ya kaunti nayo ina ngao za namna hiyo. Sheria ya ukomo wa kesi dhidi ya mamlaka za umma, Sura ya 39, inaweka miezi 12 kwa madai ya uzembe, na Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, inataka notisi ya siku 30. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi ya Kenya Bus Service dhidi ya Waziri wa Uchukuzi, ilisema sharti hilo la siku 30 linakwenda kinyume na haki ya kuifikia mahakama iliyomo katika kifungu cha 48 cha Katiba. Uamuzi mzuri, lakini nakusihi usiutegemee. Kuandika barua ni kazi ya asubuhi moja, na kubishana mahakamani kwa nini hukuandika ni kazi ya miaka.

Sasa, barua iende kwa nani? Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu kila barabara ina mwenyewe. Lami kuu ya Malindi hadi Garsen ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Ziko nyingine chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani, na za miji ziko chini ya KURA. Njia nyingi za ndani, zile za kokoto na mchanga zinazoingia mitaani na kushuka pwani, ni za Kaunti ya Kilifi, maana jedwali la 4 la Katiba limezipa kaunti barabara za kaunti. Usikisie. Ukimshtaki asiye mwenyewe, miezi 12 itakwisha ukiwa bado unasahihisha majina kwenye karatasi. Ukiwa na shaka, peleka notisi kwa kila unayedhani ni mwenyewe.

Tazama pia kama penye shimo palikuwa na kazi inaendelea. Mkandarasi anayechimba mtaro na kuuacha bila taa, bila mawe yaliyopakwa rangi, bila kibao, amekukosea yeye mwenyewe, na kwake una ile miaka 3. Jina lake limeandikwa kwenye bango kubwa la mradi kando ya barabara, pamoja na jina la mamlaka iliyompa kazi. Lipige picha bango hilo mapema, kwa sababu mradi ukiisha hung'olewa.

Niseme kwa urefu kidogo juu ya polisi, maana kesi nyingi za mashimo huharibikia kwenye kaunta ya kituo. Sheria ya Trafiki inataka ajali yenye majeruhi iripotiwe ndani ya saa 24. Mwendeshaji akiwa hospitali, mtu mwingine huripoti, na askari huandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwamba mwendeshaji alishindwa kuimudu pikipiki akaanguka mwenyewe. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayonakiliwa kwenye abstrakti ya polisi, na mwaka mmoja baadaye wakili wa upande wa pili ataisoma kwa sauti mbele ya hakimu: hapa hakuna shimo, kuna dereva mzembe. Kwa hivyo anayeripoti ataje shimo kwa kinywa chake, aeleze liko wapi na kubwa kiasi gani, na aombe kwa adabu asomewe kilichoandikwa kabla ya kuondoka. Kama shimo halikutajwa, aombe maelezo yaongezwe na askari wa trafiki aende kupaona. Chukua nambari ya OB hapo hapo, abstrakti itafuata. Fomu ya P3 nayo ijazwe na daktari mapema, majeraha yakiwa bado yanaonekana.

Shimo lenyewe halikai likikungoja. Huenda likazibwa wiki ile ile, na kuzibwa kwake ni jambo jema kwa wanaokuja nyuma, ila ushahidi wako umezikwa na lami. Mtu aende siku ile ile akiwa na simu na futi ya fundi seremala. Apige picha ya mbali inayoonyesha kitu kisichohama: nguzo ya umeme, msikiti, kibao cha shule, makutano ya kuingilia Mambrui. Kisha ya karibu, futi ikiwa imesimama ndani ya shimo nambari za sentimita zikisomeka, na nyingine futi ikiwa imelala kupima upana. Kisha apige picha alama za pikipiki ilivyoburura, rimu iliyopinda, helmeti iliyopasuka. Usiku, apige giza lilivyo, ionekane kwamba hapana taa wala kibao cha onyo. Mahakama zetu hupokea picha za simu, lakini chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi lazima ziambatane na cheti kinachosema nani alipiga, kwa chombo gani, na zilichapishwaje. Kwa hiyo aliyepiga abaki na simu hiyo na picha zake, asiziache zikafutika wala asitegemee nakala iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Pikipiki usiipeleke kwa fundi kabla ya kuipiga picha na kabla polisi hawajaikagua. Na ikiwa umeichukua kwa mkopo, logbuku iko kwa jina la kampuni au ni la pamoja, mjulishe mkopeshaji kwa maandishi, maana fidia ya chombo hudaiwa na mwenye chombo. Ya mwili ni yako wewe.

Fedha zako zigawe mafungu mawili kichwani. Liko fungu la maumivu, kovu, mguu uliofupika. Hilo hakimu hulipima kwa kuangalia kesi zilizotangulia za majeraha kama yako, na linategemea ripoti ya daktari zaidi ya machozi ya ndugu. Fungu la pili ni la ulichotoa mfukoni na ulichokosa kuingiza, na hili mahakama haikupi hata shilingi usiyoitaja kwenye hati ya madai na kuithibitisha kwa karatasi. Risiti ya hospitali, ya dawa za duka la nje, ya magongo, ya gari lililokupeleka kliniki. Watu wa pwani tuna tabia ya kulipa na kuondoka. Safari hii omba risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono.

Na kipato? Hapa bodaboda huonewa, kwa kuwa hana hati ya mshahara. Lakini anayo kumbukumbu asiyoihesabu kuwa ni kumbukumbu. Abiria wanaolipa kwa M-Pesa wanaacha alama. Chukua taarifa ya akaunti ya miezi ya kabla ya ajali na ya baada yake, na pengo litaonekana wazi. Daftari la chama cha steji linaonyesha ulichanga kiasi gani kila siku. Kitabu cha SACCO kinaonyesha akiba. Malipo ya kila siku ya mkopo wa pikipiki yanaonyesha kwamba hela zilikuwa zikiingia. Weka vyote kwenye bahasha moja, nakala ziende kwa wakili, asilia zibaki nyumbani.

Njia ya kuishtaki mamlaka ya barabara si ya pekee, na kwa abiria mara nyingi si ya kwanza. Sheria ya bima ya magari ya kuwalinda wengine, Sura ya 405, inalazimisha kila chombo kuwa na thadi pati, na bodaboda ya biashara inatakiwa iwe na bima inayomgusa abiria wake. Abiria aliyeanguka kwa sababu mwendeshaji alikuwa mbio akaliingia shimo anaweza kumdai mwendeshaji na mwenye pikipiki, na kampuni ya bima ikalipa, hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Najua inavyokuwa vigumu: mwendeshaji ni jirani, ni mtoto wa shangazi. Basi aelezwe kwamba kinachotafutwa ni hela ya bima, wala si shamba la babake, na kwamba bima aliikata kwa ajili ya siku hiyo. Kampuni ya bima lazima nayo ipewe notisi, kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Wakili akisahau hilo, kampuni hupata mwanya wa kutolipa.

Mwendeshaji mwenyewe, kinyume na wanavyodhani wengi steji, hafaidiki na thadi pati yake. Ile inalipa wengine. Akivunjika yeye, labda awe ameongeza bima ya ajali binafsi, na nawasihi vijana waiulizie siku wanapokata bima.

Iko ajali nyingine ya barabara hii ambayo watu huihesabu kuwa ya shimo tu, na hivyo kumwacha mdaiwa aliye rahisi zaidi. Lori linakuja, linalikwepa shimo, linaingia upande wa pikipiki. Hapo lori lina kosa lake hata kama shimo ni la serikali, na lori lina bima. Nambari ya usajili ipatikane; rekodi ya mwenye gari hutolewa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kupitia eCitizen, na abstrakti ya polisi itaje kampuni ya bima. Wakili mzuri atawaunganisha katika kesi moja mwenye lori na mamlaka ya barabara, na hakimu ndiye atakayewagawia lawama kwa asilimia.

Lawama hizo zitakuangukia na wewe, usishangae. Sheria ya Trafiki inataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi inayong'aa, na abiria awe mmoja tu. Ukiwa umepakia wawili na gunia, hela yako itakatwa. Ukiwa huna leseni, au umekunywa, itakatwa zaidi, na dai lote linaweza kuanguka. Wakili wa mamlaka atakuuliza pia swali ambalo wakazi wa Mambrui hawana pa kulikwepea: shimo hili si unalipita kila siku? Jibu kwa ukweli. Kama lilikuwa limejaa maji ya mvua likafanana na dimbwi, sema. Kama gari lililokuja mbele lilikuwa na taa kali, sema. Kama hukuwa mbio, taja ulikuwa gia ya ngapi.

Swali hilo hilo lina upande wa pili, na upande huo ndio moyo wa kesi dhidi ya mamlaka: kama wewe ulilijua shimo, mwenye barabara je? Kuwa na shimo peke yake hakumtoshi hakimu. Anataka kujua kama mamlaka ililijua, au ilipaswa kulijua, ikakaa. Uingereza jambo hili limeandikwa wazi katika kifungu cha 58 cha sheria yao ya barabara ya mwaka 1980: mamlaka hujinasua ikionyesha ilikagua na kutengeneza kama inavyostahili. Hapa kwetu mawakili hubishana juu ya jambo hilo hilo kwa kutumia kanuni za uzembe. Kwa hivyo barua ya malalamiko iliyoandikwa na steji miezi 2 kabla ya ajali ina thamani kuliko mashahidi watano wanaosema shimo lilikuwako.

Ndiyo maana ningependa kila steji kutoka Sabaki hadi Marereni iwe na daftari la mashimo. Mwenyekiti anaandika tarehe, mahali, ukubwa, na picha anazituma kwa mamlaka kwa barua pepe, nakala kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi. Ujumbe uliotumwa una tarehe yake, hakuna wa kuukana. Na aliyekwisha kuumia anaweza kuomba kumbukumbu kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: lini sehemu hii ilikaguliwa, lini iliwekwa viraka mara ya mwisho, malalamiko gani yalipokelewa. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wanayoiita Ombudsman, na ukimya wao nao ni jambo la kumwonyesha hakimu.

Notisi yenyewe wala si kitu cha kutisha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hivyo iandike kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Iwe namna hii: "Mimi fulani, kitambulisho nambari fulani, mkazi wa Mambrui, tarehe fulani saa fulani, nikiendesha pikipiki nambari KM fulani kutoka Gongoni kuelekea Malindi, niliangukia shimo lenye upana wa sentimita kadhaa na kina cha sentimita kadhaa, lililo mita kadhaa kutoka makutano ya Mambrui, upande wa kushoto. Hapakuwa na kibao wala kizuizi. Niliumia hivi na hivi. Nilitibiwa hospitali fulani. Ajali iliandikwa OB nambari fulani. Nadai fidia ya majeraha, gharama na kipato nilichopoteza, na kama sitalipwa nakusudia kufungua kesi baada ya mwezi mmoja." Ambatanisha nakala. Iandike kwa Mkurugenzi Mkuu, KeNHA, ambaye ofisi yake iko Barabara Plaza, Nairobi. Ipelekwe kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, au itumwe kwa njia yenye risiti. Risiti hiyo ilinde kama kitambulisho.

Wodini utatembelewa na mabroka. Hawa hawana ofisi, wana simu tu, na kazi yao ni kukusainisha karatasi kabla dawa ya ganzi haijaisha. Usitie sahihi yoyote kitandani. Hasa ogopa hati ya kumaliza dai inayoletwa na mtu wa bima pamoja na hela kidogo za papo hapo: ukiisaini, hata mguu ukija kukatwa, dai limekwisha. Wakili mtafute wewe, na jina lake lihakikishe kwa Chama cha Mawakili, LSK, kwamba ana cheti cha mwaka huu. Mkubaliane ada kwa maandishi. Makubaliano ya kwamba atalipwa akishinda tu, akishindwa halipwi, hayana nguvu chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, kwa hivyo anayekuahidi nusu kwa nusu anakuahidi kitu ambacho sheria haikitambui. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa. Na iko Amri ya 33 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, inayomruhusu fukara kuomba kufungua kesi bila kulipa ada ya mahakama.

Ikiwa mtu amefariki, dai halizikwi naye. Warithi hudai kwa Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, na kwa niaba ya mirathi kwa Sura ya 26. Lakini kwanza mmoja wao apate kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi kwa ajili ya kesi, na hapo barua ya chifu, cheti cha kifo na risiti za mazishi zitatakiwa. Familia zikae kikao mapema wamchague huyo mtu, maana mzozo wa nani asimame hula miezi ile ile 12.

Kesi yenyewe itasikilizwa na hakimu Malindi, na madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yana mahakama yake ya madai madogo, ambayo sheria yake inataja fidia ya majeraha. Mwulize wakili kama lako linafaa kupelekwa huko. Ukishinda dhidi ya kampuni ya bima au mkandarasi, dalali wa mahakama anaweza kumfuata asiyelipa. Kaunti haifuatwi hivyo: kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kinazuia mali ya serikali kukamatwa. Wakili achukue cheti cha amri ya malipo kutoka mahakamani, akikabidhi kwa kaunti, na wasipolipa arudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika kulipa. Akikaidi amri hiyo, afisa huyo hushtakiwa kwa kuidharau mahakama, yeye kwa jina lake.